Jogoo Chini ya Taji

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Saa ya ukutani ya studio namba mbili ilisimama hapohapo, kwa kuwa nayo ilikula umeme wa laini iliyoungua.

Fundi wa zamu, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, alikuwa akinakili mkanda wa mchezo wa redio wa zamani, nakala pekee iliyobaki duniani. Sauti ilipita kwenye ampu kuu ya kituo, jitu la enzi za valvu, vile vichupa vya kioo vyenye pini chini, ambavyo ndani huwaka kama makaa na kukuza sauti. Wiki moja kabla, alikuwa ameiwekea valvu mpya nane. Saa nne na robo, moja kati ya hizo ilianza kuwa nyekundu kupita kiasi. Dakika tano baadaye transfoma iliungua, moshi ukajaa, na mkanda ukajikunja kama ngozi iliyotupwa motoni.

Saa sita mchana barua ilikuwa imekwisha andikwa. Aliileta mkuu wa stoo mwenyewe, mtu aliyejulikana na wote kama Bwana Stoo, akishuka ngazi ubavu-ubavu kama kaa, mkono kwenye goti. Ilisema kituo kilinunua valvu kumi na mbili za kiwanda cha Taji, ambazo mafundi huziapia. Ilisema zilizokutwa kwenye ampu hazikuwa na ubora huo. Ilisema ufunguo wa kabati la valvu anao fundi huyo peke yake, kwa hiyo ndiye aliyeziuza za kweli na kuweka za bandia. Ijumaa, saa tisa alasiri, kikao kingekaa. Baada ya kikao, polisi.

Wakubwa wana mbio za ajabu wanapotafuta wa kuangushiwa jumba bovu. Wakitafuta wa kupandishwa cheo, huchukua miaka.

Fundi alikwenda nyumbani kwa baba yake. Mzee huyo, aliyepewa jina la Waya tangu ujana, alikitumikia kituo hichohicho miaka thelathini na miwili, akaagwa kwa barua ya mistari miwili. Mkewe naye alifanya kazi humo, kwenye chumba cha kupimia valvu, hadi mapafu yalipomshinda. Feni ya chumba kile iliombwa miaka sita mfululizo. Ilifika wiki mbili baada ya maziko, na shukrani za uongozi zikiwa zimebandikwa juu yake.

“Baba, sikugusa kitu,” binti alisema kabla hata ya kukaa.

“Sijakuuliza hilo. Nakuuliza ulifungua katoni ngapi.”

Akamweleza. Zilikuja katoni mbili, moja ya valvu nane, nyingine ya nne. Alifungua ile ya nane tu. Ya nne ilikuwa bado kabatini, imezungushiwa utepe wa stoo, na sahihi ya mapokezi imepita juu ya utepe.

Waya alikiweka kikombe chini. “Yaani hiyo haijaguswa na mtu tangu ilipotoka stoo.”

“Haijaguswa.”

“Nani mwingine analijua hilo?”

“Hakuna aliyeniuliza.”

“Basi usiwasaidie kukumbuka.”

Akamuuliza pia kwa nini hakuzipima kabla ya kuziweka. Binti alicheka kicheko kikavu. Mashine ya kupimia ilikufa miaka miwili iliyopita. Aliandika barua tatu, na zote zilijibiwa kwamba suala lake linafanyiwa kazi. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa ovaroli na kutoa kitu kilichoviringishwa kitambaa. Ilikuwa valvu iliyoleta balaa. Aliichomoa ikiwa ya moto, akaisahau mfukoni alipokabidhiwa barua.

Jumatano, saa moja asubuhi, Waya alikaa dirishani na valvu ile, na miwani mbili puani, moja juu ya nyingine. Nje ya kioo ilichapwa taji ya manjano, safi, inang'aa. Alilamba kidole gumba, akaisugua. Haikufutika. Akasugua tena kwa nguvu. Ikabaki kama chapa ya ng'ombe.

“Hii taji ni nzuri mno,” alimwambia bintiye. “Ya kweli haivumilii kidole chenye jasho. Mama yako alikuwa akiwafokea vijana kwa kuifuta bila kukusudia. Aliyechapa hii ameogopa aibu, akatumia rangi ya kudumu.”

Ndani ya kioo, bamba la katikati lilikuwa na mikunjo mitatu. La Taji huwa laini kama kiganja cha bosi. Kipete kidogo cha juu kilikuwa cha mviringo, na cha Taji huwa na upande mmoja ulionyooka. Chini, karibu na pini, kioo kilikwanguliwa kwa msasa sehemu ya ukubwa wa ukucha, kikawa na ukungu. Waya akapeleka mdomo karibu, akakipumulia taratibu. Mvuke ukatanda, na katikati ya mvuke, kwa muda wa kuhesabu hadi tatu, akasimama jogoo, kishungi na mkia.

“Kiwanda cha Jogoo,” binti alisema polepole.

“Ndiko ilikozaliwa. Valvu za kazi ngumu, bei ya chini. Kituo chetu kilijaa hizo enzi zetu, masanduku kwa masanduku.”

Akaipindua ili aone pini. Akaisogeza karibu zaidi na dirisha, na binti akasogea kutazama. Pini ya tatu ilikuwa na mkwaruzo mmoja wa tupa, mfupi, umekaa mshazari.

Waya alieleza. Valvu ikishachoka, mkewe aliikwaruza pini ya tatu mara moja kabla ya kuitia kwenye sanduku la zilizokufa. Wakubwa wa wakati ule walikuwa na tabia ya kuzirudisha zilizokufa kwenye rafu na kuzihesabu kama nzima, hesabu ipendeze. Mkewe hakuliandika jambo hilo popote. Alikuwa akisema daftari lina mwenyewe, pini haina. Walilijua watu watatu tu, Waya akiwa mmoja wao, na wawili walikuwa wamekwisha zikwa.

“Kwa hiyo hii ilitolewa kwenye sanduku letu wenyewe,” binti alisema. “Imefufuliwa, ikavishwa taji. Lakini baba, stoo ya chakavu, yalimo masanduku hayo, ilifungwa kabla sijaajiriwa.”

“Yaani hukuwahi kuingia humo, na hilo ndilo la kuwaambia. Ila hawatatuamini kwa neno la mzee mjane. Kwanza nimjue aliyetoa stakabadhi.”

Stakabadhi ya ununuzi, iliyoambatanishwa na barua ya mashtaka, ilikuwa na muhuri wa duka la spea lililo ghorofa ya pili katika mtaa wa mafundi. Alhamisi, saa tatu asubuhi, Waya alipanda ngazi zake akiwa na hakika amempata mwizi. Mwenye duka, aliyeitwa Mizani kwa sababu hakuna alichouza bila kukipima kwanza kwa macho, alimpokea kwa mikono miwili.

“Mzee Waya! Mimi nilidhani umekwisha tutoka.”

“Nimeahirisha. Valvu kumi na mbili za Taji ulizotuuzia umezitoa wapi?”

Mizani alishika vitu ambavyo havikuhitaji kushikwa. Alianza kwa kusema biashara ni siri, akaja kwenye kwamba kumbukumbu zake zililoa, na mwisho, alipoona mzee amevuta stuli na kukaa, akafunga mlango na kukiri. Hakuuza valvu hata moja. Aliuza maboksi matupu ya Taji, kumi na mawili, yale ambayo wapenzi wa vyombo vya zamani huyaweka kama mapambo. Mnunuzi akaomba stakabadhi iandikwe valvu, naye akaiandika.

“Nani?”

“Mzee wangu, mimi nina watoto, na leseni yangu inatolewa na haohao wakubwa. Jina silitaji.”

“Sitaki jina. Niambie alipandaje hizi ngazi zako.”

Mizani akamtazama, kisha akatabasamu kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. “Hakupanda. Alinipigia simu nishuke barabarani. Alisema goti halimruhusu.”

Ijumaa, saa tisa kamili, walikaa watu wanne kwenye chumba cha mikutano: Mkurugenzi, Bwana Stoo, mshtakiwa, na baba yake, ambaye kanuni zilimruhusu kuwapo kama ndugu. Mkurugenzi alianza kusoma barua. Waya aliomba kwa adabu zote kwamba kabla ya kumhukumu mtoto, iletwe katoni ya pili kutoka kabatini. Ililetwa, akamsogezea Bwana Stoo.

“Utepe huu ni wa nani?”

“Wa stoo.”

“Umekatwa mahali?”

Bwana Stoo aliigeuza katoni pande zote. “Haujakatwa.”

“Na sahihi?”

“Yangu. Mapokezi nayafanya mwenyewe, sipendi mchezo.”

“Asante, kaka. Kata basi.”

Zikatoka valvu nne zenye taji za manjano. Waya alimwomba Mkurugenzi azisugue, hazikufutika. Alimwonyesha mikunjo mitatu na kipete cha mviringo, kisha mahali palipopigwa msasa, akamwomba apapumulie. Mkurugenzi, ambaye miaka yote alizoea kuwapumulia watu shingoni, safari hii akapumulia kioo. Jogoo akajitokeza. Kwenye ya pili, jogoo. Zote nne, jogoo, na kwenye kila pini ya tatu mkwaruzo mmoja wa mshazari.

“Basi tumeibiwa na muuzaji,” Bwana Stoo alisema upesi. “Hata mimi nimetapeliwa.”

“Muuzaji aliuza maboksi,” Waya alijibu. “Hizi zilitoka kwenye stoo ya chakavu, na ufunguo wake unaning'inia kiunoni mwako. Twende tukaangalie. Ukikuta nimesema uongo, niandikie na mimi barua.”

Walishuka wote, Bwana Stoo wa mwisho, ubavu-ubavu. Ilipotimu saa kumi kasoro dakika kumi mlango wa chuma ulifunguliwa. Sanduku la mbao lilikuwa chini ya rafu ya mwisho, vumbi limelala juu ya valvu kama blanketi, isipokuwa safu moja ya mashimo kumi na mawili yaliyo wazi na safi. Binti alichomoa valvu ya jirani, akaipangusa. Jogoo mzima, hajaguswa na msasa. Pini ya tatu ilikuwa na mkwaruzo. Akachomoa nyingine, na nyingine. Mkono wa mama yake ulikuwa kwenye kila moja.

Bwana Stoo akakalia ndoo iliyopinduliwa.

“Niliambiwa Taji zipatikane kabla ya mwezi kwisha,” alisema. “Nikajibu kiwanda kilifungwa kabla nusu yetu hatujazaliwa. Nikaambiwa mkuu wa stoo asiyejua vitu viliko hana kazi. Nikazitafuta humu zilizobaki na uhai kidogo, nikampa shemeji yangu, anachapa fulana, akazichapa taji. Hela nilichukua, sikatai. Sikujua zitaunguza.”

“Na mwanangu?”

“Ilibidi apatikane wa kulaumiwa, mzee. Yeye alikuwa na ufunguo.”

Mkurugenzi alikohoa, akatangaza palepale, kati ya feni mbovu na viti vya miguu mitatu, kwamba barua ya Jumanne imefutwa, fundi arudi kazini Jumatatu, na suala hili liishie hapa kwa heshima ya taasisi. Akatoa kalamu na karatasi ili binti atie sahihi ya kuridhika.

Binti hakuipokea kalamu. Alikuwa akisoma hati iliyotundikwa kwa msumari nyuma ya mlango, kibali cha kufungua stoo ya chakavu. Ilikuwa ya mwezi uliopita. Kwa kanuni, mlango ule haufunguliwi bila sahihi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Bwana Stoo. Ya pili haikuwa na jina wala cheo, ni mstari wa wino uliopinda mara mbili na kukatika.

Aliichomoa, akawaonyesha wote watatu. Bwana Stoo akatazama goti lake. Mkurugenzi akarudisha kalamu mfukoni.

“Baba akae kwenye hiyo ndoo Bwana Stoo akiinuka,” binti alisema, “maana mimi siondoki. Hii sahihi ya pili ni ya nani, na aliyeagiza hapa pafunguliwe ni nani?”