Aliyeitika "Abee"

Hidaya alikuwa akisonga ugali, samaki wa migebuka wakichemka kwenye mafuta ya mawese, alipomwita mwanawe aje kula.

"Ashraf!"

"Abee," sauti ikaitika kutoka chumbani.

Mwiko ukasimama mkononi. Katika nyumba ile ya Ujiji watoto walifundishwa kuitika kabla ya kufundishwa kuhesabu: wa kiume naam, wa kike abee. Ashraf alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na hakuwahi kukosea. Aliyekuwa akiitika abee ni dada yake, Shadia, na Shadia alikuwa amezama ziwani mwaka uliopita.

Ashraf akatokea na simu mkononi, macho mekundu.

"Unanitania?" Hidaya akamwuliza.

"Nimefanya nini tena, mama?"

"Umeitikaje?"

"Naam. Nitaitikaje tena?"

Akala matonge machache, akarudi chumbani. Pale alipokuwa amekaa, mkeka ulikuwa umelowa.

Ndugu hao wawili walikuwa na gemu yao ya simu. Ndani yake mlikuwa na nchi nzima ya kutembea, yenye milima, mito na miji iliyohamwa, na maiti waliofufuka wakawa wanakula watu. Waliwaita mazombi. Mchezaji huokota chakula, hukata miti, hujenga, kisha hujifungia akingoja usiku upite, na usiku wa humo huingia hata jua la huku likiwa utosini. Ashraf na Shadia walijenga nyumba yao juu ya kilima, wakaiwekea baraza kama ya nyumbani.

Hidaya hakuipenda gemu hiyo hata siku moja.

"Msichana mzima unashinda na maiti," alikuwa akimwambia Shadia. "Nani atakuoa?"

"Maiti hawachagui, mama," Shadia alikuwa akijibu, na Ashraf akicheka mpaka simu ikimdondoka.

Asubuhi ya mwisho waligombana kwa jambo hilohilo. Shadia alikuwa anakwenda kwa boti kwenye harusi, kijiji kimoja kusini mwa ziwa. Mlangoni aliita, "Mama, naondoka." Hidaya alikuwa jikoni na alisikia. Shadia akaita tena. Hidaya akaendelea kuchambua mchele. Mchana upepo ukalichafua ziwa, boti ikapinduka, na Shadia hakupatikana, wala simu yake. Hakukuwa na mwili wa kuosha.

Aliyebaki ni yule wa kwenye gemu. Humo mchezaji akizima simu, mtu wake haondoki. Hulala palepale alipoachwa, na mazombi wakimfikia humla. Mtu wa Shadia alikuwa ameachwa barazani, amevaa koti jekundu. Ashraf alimbeba akamwingiza ndani, akamlaza kitandani, akaizungushia nyumba ukuta wa magogo, na tangu hapo hakuthubutu kukaa mbali na simu. Kibanda chake cha kutoa kopi kule Gungu kilishinda kimefungwa. Wateja wakimpigia, aliwaambia, "Nina mgonjwa nyumbani."

Wa kwanza kusema lililokuwa wazi alikuwa Zuleha, mdogo wake Hidaya, mwanamke asiyeweza kuficha neno. Alifika na bakuli la futari ya mihogo, akanusa hewa ya ukumbini.

"Dada, nyumba inanuka tope la ziwa. Wewe Ashraf, unaoga au unalowekwa?"

Ashraf hakucheka. Alimvuta chumbani akarudishia mlango.

"Mama mdogo, usimwambie mama," alinong'ona. "Ameamka."

"Nani?"

"Shadia."

Zuleha akakaa kitandani taratibu. Ashraf akamweleza huku akiangalia mlango. Jina la Shadia lilikuwa limewaka kijani kwenye gemu, alama kwamba mwenyewe ameingia, na ili jina lile liwake lazima mtu aishike simu ya Shadia na kuandika neno la siri la Shadia, na simu hiyo ilikuwa chini ya ziwa. Alipomtazama kwenye kitanda cha mle ndani ya gemu, hakumwona. Huku kulikuwa na jua, watoto wa jirani wakicheza mpira uani, lakini kule ndani usiku ulikuwa umeingia, na mazombi walikuwa wameuzunguka ukuta wakiukwangua kwa kucha kama wafanyavyo kila usiku, na katikati ya kukwangua kule akasikia maji yakidondoka, kisha nyayo zilizolowa zikipanda kilima polepole, zikasimama mlangoni, na sauti ya dada yake, ileile, yenye mafua kidogo kama ilivyokuwa siku zote, ikasema hodi.

"Mazombi hawapigi hodi," Ashraf alisema. "Ndiyo maana nikajibu karibu."

"Ukamfungulia?"

"Ningemwacha nje na maiti?"

Zuleha akajifunika uso kwa khanga. "Mtoto wa dada yangu," alisema, "umekaribisha nini?"

Maalim Luqman aliuza tairi za pikipiki Gungu, na jioni aliwasomea wagonjwa. Zuleha alimweleza dada yake yote, wakamwita, naye akaja baada ya sala ya alasiri, mikono ingali na weusi wa mpira. Alimtazama Ashraf, akaitazama simu bila kuigusa.

"Dada yako yuko kwa Mola wake," alisema. "Hili limekuta nguo imetundikwa haina mwenyewe, likaivaa. Sasa nguo ile imelibana, linakutaka wewe."

Kisha akamgeukia Hidaya.

"Mama, litakuita. Litakuita kwa sauti unayoipenda. Usiitike. Limekaribishwa mara moja kwa kutojua, hilo tutaliondoa. Likikaribishwa na mwenye kujua, mimi nitarudi kwenye tairi zangu."

"Nimeelewa, Maalim."

"Hata ukimya ukikuuma?"

"Nimesema nimeelewa."

Wakafukiza ubani. Ashraf akanyweshwa kombe, maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, akalazwa mkekani, Zuleha akamshika miguu. Maalim alisoma kwa sauti ndogo, na kwa muda hakukuwa na kitu ila moshi na kelele za watoto wa uani, kisha kelele zile zikafifia kana kwamba mtu amezifunika kwa blanketi, na harufu ya tope ikapanda mpaka ikaushinda ubani, na sakafu chini ya mkeka ikaanza kutoa maji, na kinywa cha Ashraf, chenye ndevu zake na meno yake, kikafunguka na kutoa sauti ya msichana ikisema, "Mama, naondoka," ikanyamaza ikisubiri, ikasema tena, "Mama, naondoka," na Hidaya akaingiza upindo wa khanga kinywani akauma mpaka damu ikatoka kwenye fizi, kwa sababu sauti ile ilikuwa imesimama mlangoni asubuhi ileile, na safari hii jibu alikuwa nalo.

"Hunisikii, mama?"

Hakuitika.

Ashraf akatapika maji. Yalikuwa maji ya ziwa, yenye mchanga na vikonokono vidogo. Maalim akamwita kwa jina lake.

"Naam," akajibu Ashraf, na Zuleha akaangua kilio.

Maalim aliacha sharti moja: jina la Shadia lisiitwe tena ndani ya nyumba ile. Wakitaka kumwombea dua, waseme marehemu.

Ashraf aliifuta gemu. Akafungua kibanda, akanenepa, akaanza kupiga mluzi bafuni. Siku moja, akila, alisema, "Mama, sasa nalala kama mtoto. Ule ulikuwa mzigo." Hakumaanisha vibaya. Hidaya alimwangalia akitafuna, akamwongezea mchuzi.

Watu walimpongeza kwa kupona mwanawe. Alishukuru kama ilivyompasa. Hakuna aliyemwuliza habari ya yule mwingine, aliyenyamaziwa mara mbili na mama yake mzazi. Hata jina lake lilikuwa limekatazwa.

Adhuhuri moja ya Jumapili Ashraf alikuwa amejinyoosha mkekani, usingizi umemchukua, mikono kifuani. Hidaya akafunga mlango wa mbele. Akaketi karibu na kichwa cha mwanawe, akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayemuaga.

"Shadia," akaita.

Akamwinamia sikioni.

"Shadia, mwanangu. Siku ile nilikusikia."

Mkeka ukaanza kulowa. Midomo ya Ashraf ikafunguka, macho yakiwa yamefumba bado.

"Abee, mama."

Zuleha alipita alasiri kurudisha sufuria. Alikuta mlango umefungwa na ndani kukiwa na mazungumzo, kicheko cha dada yake ambacho hakuwa amekisikia tangu msiba. Akafurahi. Akapiga hodi.

"Karibu," zikamjibu sauti mbili, zote za kike.

Aliiweka sufuria kizingitini bila kuigonga, akavua ndala ili zisilie, akaondoka pekupeku.