Jogoo wa Afande Bogere

Katika soko la Jinja, siku ambayo watu walisukumana kama wanagawiwa pepo, Alfayo alikanyaga buti la askari magereza. Buti lilikuwa limeng'arishwa asubuhi hiyo, na mwenye buti alikuwa mwanamke mrefu, Koplo Janepher, sare yake imepigwa pasi kali.

"Afande, samahani!"

"Samahani inang'arisha kiatu?" Janepher alimuuliza.

Alfayo akachomoa leso, akapiga goti kwenye maganda ya ndizi na kulifuta buti. Wauza nyanya wakapiga vigelegele. Janepher alijitahidi kununa, akashindwa.

Alfayo alikuwa mwalimu Mbale, akikaa Nabuyonga na dada yake Roselyn. Siku ile walipeana namba, na tangu hapo kila jioni simu ililia.

"Koplo wangu, umekula?"

"Nimekula posho na maharage, mwalimu. Njoo unipikie."

"Nitakuja. Ila sitaki uwe koplo, nataka sajini."

Hilo ndilo Janepher alilolitaka kuliko yote. Alikuwa amefaulu mtihani, jina lake limepita, na kozi ya usajini ilikuwa inakaribia.

Basi Alfayo akaona afanye mambo kwa heshima. Kwao Janepher, mchumba humpa kaka wa msichana jogoo. Kaka akimla, dada ametolewa aolewe. Janepher hakuwa na kaka. Mwalimu wetu, mwenye vyeti vyote vile, akabeba jogoo mwekundu hadi gereza la shamba karibu na Bugembe, alikofanya kazi Janepher, akampa mkuu wa gereza, Afande Bogere, awe badala ya kaka. Janepher hakuambiwa neno.

Bogere! Tumbo lilitangulia kuingia ofisini, akili ikafuata ikipenda. Alimla yule jogoo mpaka shingo. Kisha, huku akichokonoa meno, akamfuta Janepher kwenye kozi na kumweka askari mwenzake Opio, ambaye mtihani ule ule ulimshinda. Janepher aliyasikia hayo gwarideni, mbele ya kikosi kizima.

"Mchumba mwenyewe amekuja na jogoo," Bogere alisema. "Mwanamke amechumbiwa ni mjamzito wa kesho. Kozi ya nini?"

Wanaume wakacheka. Walicheka kama kawaida yao, wakitazama kwanza kama mkubwa amecheka. Janepher alisimama wima.

Jioni alipiga simu yeye.

"Alfayo, wewe ulimpa Bogere jogoo?"

"Nilitaka kukuheshimu, mpenzi."

"Kuniheshimu mimi, halafu unazungumza na yule? Mimi nilikuwa wapi? Mbuzi wa nani mimi?"

"Janepher, mimi..."

"Ulininyang'anya tonge mdomoni. Usinipigie tena."

Janepher akapeleka mwenyewe malalamiko kwa wakuu wa magereza mkoani. Akaja afisa mkubwa, mwanamke wa miwani, akamwita kila anayehusika, Alfayo naye. Alifika na shati la zambarau, jasho limemlowesha.

"Umemchumbia huyu?" afisa aliuliza.

"Hapana, afande. Mimi sijamuuliza hata siku moja."

"Unamtolea jogoo mwanamke ambaye hujamuuliza?"

"Ni ujinga wangu, afande."

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Alfayo akakubali kuchekwa. Bogere alicheka kuliko wote, mpaka Janepher alipomgeukia.

"Afande Bogere, una watoto tisa. Kozi gani ilikukataa?"

Bogere alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mdomo ule ulizoea kuingiza tu. Afisa akamrudisha Janepher kozini siku hiyo hiyo. Alfayo aliondoka bila kuagana naye, maana alijua hastahili.

Miezi ikapita. Jumamosi moja Roselyn alikuwa anapepeta mchele uani Nabuyonga alipoona buti zinazong'aa zikiingia langoni. Juu ya buti kulikuwa na sare, mabegani cheo cha sajini, na kwapani jogoo mweupe akilalamika.

"Shikamoo, dada Roselyn. Nimekuja kwa ajili ya kaka yako."

Alfayo akatoka ndani na chaki mkononi. Roselyn alinyoosha mikono ampokee jogoo, lakini Janepher akamrudisha jogoo kwapani.

"Ngoja, dada. Mimi sina tabia ya watu fulani. Mwalimu, nakuuliza wewe kwanza: unanitaka?"

"Nakutaka, afande."

"Na nikiitwa kozi nyingine?"

"Nitakubebea sanduku mpaka stendi."

Janepher akampa Roselyn jogoo, na Roselyn akaingia jikoni kubandika maji ya kumnyonyolea.