Risasi ya Nne

Ilikuwa siku kama siku nyingine. Mjomba, fundi wa bunduki kwa miaka thelathini na mmoja, alikuwa amemaliza chai ya saa nne na kupangusa meza yake, mjane alipoingia akifuatana na shemeji yake. Shemeji ndiye aliyebeba bunduki, ameiviringisha kwa shuka.

"Tuambie ni ya aina gani na itafika bei gani, fundi," alisema. "Tunaiuza. Na huyu arudi kwao, nyumba ni ya ukoo."

Mjomba aliijua habari yao, nani hakuijua? Asubuhi moja marehemu alikuwa akiitoa risasi bunduki hii. Ilibeba tatu tu. Tatu zilikutwa sakafuni, nzima. Ya nne ndiyo iliyomuua. Watu wakahukumu: hiyo ya nne aliitia kwa mkono wake. Na mtu hajiui bure. Mke lazima alimchoma kwa maneno.

"Nilikuwa jikoni," mjane alisema taratibu. "Nilisikia akivuta komeo la bunduki mara tatu. Alikuwa anaimba."

"Shemeji, wimbo huo tumeuchoka," ndugu wa marehemu alimkatiza.

Mjomba aliigeuza bunduki kwenye mwanga wa dirisha. Shotgani ya zamani, ya zile zinazojikoki zenyewe kila zinapolia. Mgongo wa mraba, namba yake bado inasomeka, kitako kina ufa mwembamba kama unywele, mtutu safi.

"Ni mali hii," alisema. "Bei nzuri, ikiwa viungo vyake vyote vimo."

Chini ya mtutu kuna bomba la risasi, na ndani yake kijiti kinachozuia zisiingie zaidi ya mbili. Ukijumlisha ile ya chemba, nyuma ya mtutu, tatu. Wenye bunduki za namna hii huzoea kuhesabu: wakishatoa tatu hujua ni tupu, hawachungulii ndani. Mjomba alichukua risasi bandia za mbao. Moja chemba. Mbili kwenye bomba.

Ya tatu ya bomba ikaingia.

Ya nne nayo ikaingia.

"Kijiti hakimo," alisema. "Humu zinaingia tano."

Aliilaza mezani, akarudi nyuma kutafuta miwani. Hakuna aliyeigusa. Wote watatu waliapa hivyo baadaye.

Komeo likarudi nyuma. *Krak.* Risasi ya mbao ikaruka, ikabingirika sakafuni.

"Fundi," shemeji alinong'ona, "acha mchezo."

Mikono ya Mjomba ilikuwa kifuani.

*Krak.* Ya pili.

*Krak.* Ya tatu.

Halafu, chini chini, mtu aliyeridhika na kazi yake akaguna wimbo. Mjane alifumba macho. Aliujua.

Mtutu ulikuwa umemwelekea shemeji. Hakuna aliyeona ukigeuka.

"Kaka," shemeji alisema. "Kaka, nisamehe. Kijiti nilikitoa mimi. Nilipoiazima kuwinda nguruwe. Niliirudisha ina risasi nne ndani, nikasahau kukuambia. Halafu nikaogopa."

Kifyatulio kikalia. *Tik.*

Shemeji alianguka magoti. Mjane hakumtazama. Alisema tu, "Utayasema hayo mbele ya ukoo. Leo."

Aliyasema. Mjane hakuhama, na wale waliokuwa wakimsalimia kwa mgongo walijifunza upya kumsalimia kwa uso.

Bunduki haikuuzwa, hakuna aliyethubutu hata kuibeba. Ilibaki kwa Mjomba. Kila jioni alilirudisha komeo lake mbele, akafunga kabati, ufunguo akaenda nao nyumbani. Kila asubuhi aliikuta komeo limevutwa nyuma, chemba i wazi, kama anavyoiacha mtu anayetaka kila aingiaye ajionee kuwa haina kitu. Na kwenye mafuta ya komeo, alama ya kidole gumba, bado ina joto.