Picha ya Kasa

Soko la samaki lilifurika asubuhi ile, watu wakipigana vikumbo, makarai kichwani. Daktari alikuwa amechuchumaa sakafuni akimpima papa kwa utepe. Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa mtafiti wa viumbe wa baharini, ila wavuvi ndivyo walivyombatiza. Gauni lilimlowa hadi magotini, na macho yalimwuma kwa kukosa usingizi.

"Dada, samahani, unanizibia mwanga."

Akainua uso. Kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, kamera shingoni.

"Mwanga ni wa Mungu, kaka. Papa ndiye wangu."

Mpiga picha akacheka, nusura ateleze kwenye magamba. Penzi likaanzia hapo hapo, katikati ya shombo.

Wakawa chanda na pete. Daktari alizamia kukagua matumbawe yaliyobaki hai. Mwenzake akazamia ubavuni, kamera mkononi. Jioni walikaa sebuleni wakitungia picha hadithi, wakitayarisha maonyesho ya picha za bahari.

"Takwimu zako hazimlizi mtu, mpenzi."

"Na picha zako zinaliza tu, roho yangu. Mtu akishafuta machozi, afanye nini?"

Kisha ikaja siku Daktari alipofika sokoni, salamu yake isiitikiwe. Mvuvi mmoja, aliyezoea kumwita mwanangu, akamwonyesha gazeti. Picha ya kasa aliyekufa, na chini yake: *Wavuvi wauaji*.

Kasa yule alikufa kwa kumeza plastiki. Daktari mwenyewe ndiye aliyempasua.

Akampigia simu mpiga picha papo hapo.

"Umewaita wauaji?"

"Mpenzi, nisikilize kwanza..."

"Watu hawa walinipokea nikiwa sina mbele wala nyuma. Leo wamenipa mgongo!"

Akakata. Simu ikaita mpaka akaizima.

Kuchoka na bahari alikuwa ameshazoea: kila akizamia, weupe wa matumbawe yaliyokufa umesogea zaidi. Sasa alichoka na watu pia. Alikula kwa kujilazimisha, akaenda kazini kama gogo linalosukumwa na maji.

Siku alipoiwasha simu tena, yule mvuvi ndiye aliyempigia.

"Mwanangu, kijana wako ametuchosha. Kila alfajiri yuko hapa, anatuomba radhi mmoja mmoja. Anasema picha ni yake, maneno ni ya mhariri. Tumeshamsamehe, haondoki. Njoo umchukue."

Daktari akacheka huku machozi yakimtoka.

Alimkuta kwenye ukumbi wa maonyesho, peke yake, akipigilia misumari. Amekonda, ndevu hazijanyolewa.

"Mbona hukuniambia maneno ni ya mhariri?"

"Ulizima simu. Halafu ningejitetea vipi? Picha niliituma mimi, bila kukuuliza. Nilikuwa na haraka watu waone."

"Gazeti limesahihisha?"

"Mstari mmoja, ukurasa wa ndani."

Daktari akashusha pumzi, akaketi sakafuni, mgongo ukutani. Mwenzake akaketi kando yake, kwa woga kidogo.

"Nimechoka," akasema Daktari. "Na hiyo bahari haitapona kesho."

"Haitapona. Hata mimi nimechoka."

"Basi nioe, tuchoke pamoja."

Nyundo ikamponyoka mpiga picha. "Lini?"

"Nikishalala."

Kijana akamtandikia koti lake. Usingizi ulipompitia Daktari, kichwa kikamwegemea mwenzake begani. Ukutani zilibaki picha kadhaa za kutundikwa, lakini mpiga picha hakuinuka.