Osward na Ramani ya Mawe Hai

Osward alikuwa mtu asiyetulia hata kidogo. Akinywa uji, anasimama. Akifunga ndoano, macho yako ziwani. Hata kanisani, mahubiri yakirefuka kidogo tu, miguu yake inaanza kucheza chini ya benchi.

"Baba Angela, tulia basi!" mkewe Pelagia alikuwa akimwambia. "Una siafu kwenye suruali?"

Waliishi Kapalamsenga, hatua chache kutoka mwaloni, mahali pa kuegeshea mitumbwi, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1996. Osward alikuwa mvuvi wa mshipi. Hakuwa na nyavu wala taa za kuvulia dagaa. Alikuwa na mtumbwi mmoja, ndoano zake, na siri moja.

Siri yenyewe ilikuwa mahali. Chini ya maji palikuwa na mawe, na kwenye mawe hayo samaki aina ya kuhe hawakukosekana. Ukipiga kasia mpaka uone mchikichi uliopinda umesimama sawasawa na msalaba wa kanisa dogo la kigango, umefika. Tupa ndoano. Osward hakumwambia mtu, hata Pelagia. Miaka hiyo samaki wa karibu na nchi kavu walikuwa wamepungua mno. Wenzake walirudi na mitumbwi mitupu. Yeye alirudi na kuhe wawili, watatu. Kuhe hao ndio waliolisha watoto wake wanne. Sasa mtu kama huyo atatulia vipi? Kila akiona mtumbwi nyuma yake, moyo unamwenda mbio.

Siku moja lori lilimleta dada mmoja kutoka Mpanda. Aliitwa Marsela. Alikuwa mfanyakazi wa idara ya uvuvi, kwa hiyo watu walimwita bibi samaki. Aliwaita wavuvi mwaloni, akatandika turubai, akaweka mafungu matatu.

"Haya, hiki ni nini?"

"Jiwe," wavuvi wakajibu.

"Na haya?"

"Magamba ya konokono."

"Na hiki?"

"Jiwe tena! Dada, umetoka Mpanda yote hiyo kuja kutuonyesha mawe?"

Watu wakacheka. Marsela naye akacheka. Kisha akachukua nyundo, akalipiga lile jiwe la mwisho. Likapasuka katikati. Ndani lilikuwa na tabaka nyembamba, moja juu ya nyingine, kama kitunguu.

"Lile la kwanza ni jiwe la mlima," alisema. "Liliporomoka kutoka huko juu. Lakini hili halikuporomoka kutoka popote. Limejengwa."

"Limejengwa na nani?" Osward aliuliza kabla hajajizuia.

"Viumbe vidogo sana, kaka. Kimoja kimoja huwezi kukiona kwa macho. Vikiwa vingi vinafanya utando wa kijani unaoteleza. Utando huo unashika chokaa iliyo ndani ya maji, tabaka kwa tabaka. Huko baharini kuna wanyama wadogo wanaojenga matumbawe. Ziwani kwetu matumbawe hayapo. Ila wajenzi tunao, wa kwetu wenyewe."

"Wanajenga kwa muda gani?"

"Polepole mno. Jiwe la ukubwa wa kichwa chako huenda lilianza kabla babu ya babu yako hajazaliwa."

"Loo!" wavuvi wakasema. Sasa hakuna aliyecheka.

Marsela akawafundisha kuyapanga. Mengine ni ya mviringo kama kichwa. Mengine yamesimama kama vidole. Mengine yametandaa kama sahani. Kisha akawaambia waguse. "Likiteleza na lina kijani, liko hai. Likiwa kavu na jeupe, lilikufa zamani. Samaki wadogo hujificha kwenye mashimo ya mawe hai, na wengine hula ule utando. Samaki wakubwa huwafuata wadogo. Ukivunja jiwe hai, umevunja nyumba na jiko la samaki."

Pale alikuwepo Felisiani, kaka yake Pelagia. Kazi yake ilikuwa kuchoma chokaa. Alikusanya mawe meupe na magamba ziwani, akayachoma kwenye tanuri. Alikuna kichwa.

"Bibi samaki, shule inangoja chokaa ya madarasa matatu. Mimi nitachimba wapi?"

"Ndiyo maana nachora ramani," Marsela alijibu. "Kila aina tutaiandika mahali pake. Halafu kijiji chenyewe kiamue wapi pachimbwe na wapi pasiguswe. Sina siku za kupiga mbizi kila mahali. Nyie mnalijua ziwa. Niambieni ukweli."

Akamwita mvuvi mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Osward, Marsela aliweka kidole kwenye karatasi, mbele kidogo ya ule mchikichi uliopinda.

"Na hapa, kaka Osward?"

Osward aliangalia nyuma. Wenzake walikuwa wamemzunguka, wametega masikio.

"Hapo? Mchanga mtupu, dada. Hakuna kitu."

Marsela akaandika: mchanga. Osward akarudi nyumbani akipiga mluzi. Alijiona mjanja kweli kweli.

Ijumaa kijiji kilifanya mkutano. Ramani ilibandikwa ukutani, darasani. Mahali penye mawe hai palipakwa rangi ya kijani. Penye mchanga palipakwa njano. Watu waliikazia macho, wakakubaliana haraka: kwenye kijani mtu asiguse.

Felisiani akasimama. "Mimi nimepata. Hapa mbele ya mchikichi pameandikwa mchanga, na maji yake ni mafupi. Mchangani ndiko magamba yaliko. Jumatatu tunakwenda watu kumi, na mitaimbo."

"Mkikuta mawe?" mwenyekiti aliuliza.

"Tutayavunja. Nayo si chokaa?"

"Haya, imepita."

Osward alifungua mdomo. Aliufunga, akaufungua tena. Mkutano ukaisha, watu wakatawanyika.

Jumamosi hakula. Aliingia ndani, akatoka. Alikwenda mpaka mwaloni, akarudi. Jumapili baada ya misa, Pelagia alimsimamia mlangoni.

"Leo hupiti hapa mpaka useme. Una nini?"

Osward akasema yote. Alisema huku anaangalia chini. Pelagia akawaka.

"Miaka sita! Miaka sita nakupikia kuhe, hata mimi mkeo hujaniambia wanatoka wapi! Na sasa kaka yangu anakwenda kuvunja chungu chetu kwa sababu ya ulimi wako!"

"Nikisema, kesho mitumbwi yote itakuwa pale."

"Usiposema, kesho pale patakuwepo? Bibi samaki anapanda lori sasa hivi. Nenda!"

Osward alikimbia. Alikimbia na viatu vyake vya kanisani. Alilikuta lori limewashwa, Marsela ameshika ubao wa nyuma anataka kupanda. Felisiani alikuwa hapo hapo, anapanga mitaimbo na wenzake. Mwalo mzima ulikuwa umejaa watu.

"Dada, subiri! Nilikudanganya!"

Watu wakageuka. Osward alitamani ardhi ipasuke. Hata hivyo aliendelea.

"Pale si mchanga. Ni mawe. Ya kichwa na ya vidole, mengi. Mchikichi uliopinda ukae sawa na msalaba wa kigango, hapo hapo. Ndipo ninapovua. Niliona aibu kusema, na niliogopa. Nisameheni."

"Ahaa!" mvuvi mmoja aliyeitwa Alois akapiga kelele. "Kumbe kuhe wako hawatoki kwa maombi!"

Kicheko kikapasuka. Felisiani peke yake hakucheka.

"Shemeji, juzi umesema mchanga, leo mawe. Nikuamini wapi?"

"Usiniamini. Twende ukaguse."

Lori likaambiwa lingoje. Wakaenda watatu, Osward, Marsela na Felisiani. Felisiani alivua shati, akazama. Aliporudi juu alishika ukingo wa mtumbwi, anahema.

"Yanateleza," alisema. "Yote yana kijani. Na samaki wadogo, jamani, wamejaa kama kumbikumbi!" Akajifuta uso. "Kesho ningeyamaliza haya kabla ya saa sita mchana."

Marsela akachukua kalamu, akafuta njano, akatia kijani. "Ramani ni maneno yenu," aliwaambia. "Mkinipa uongo, itasema uongo, na watu wataufuata."

"Na chokaa ya shule?" Felisiani aliuliza.

Marsela akamwonyesha nchi kavu, nyuma ya mwalo, penye vichaka. "Zamani sana maji ya ziwa yalifika pale. Nimekuta magamba mengi na mawe yaliyokufa, makavu, hakuna samaki anayeyategemea. Chimba pale. Hata kuzama huhitaji."

Felisiani alichimba pale. Kabla ya mvua kuanza, madarasa matatu yalikuwa meupe pe. Kijiji nacho kikaweka sheria: kwenye mawe hai hakuna kuchimba, hakuna kuvunja, hakuna nyavu. Ndoano tu.

Kuhusu Osward, alichokiogopa kilitokea. Mitumbwi ilikuja. Katika mwezi ule wa kwanza alihesabu saba, ukiwemo wake. Alinuna, nisiseme uongo. Siku nyingine alipata kuhe mmoja badala ya watatu. Alois, ambaye watoto wake walikuwa hawajaonja kuhe kwa muda mrefu, alinasa kuhe mmoja, akambusu samaki huyo hadharani. Osward akasonya, lakini jioni akakubali mbele ya Pelagia kwamba alifurahi kidogo.

Asubuhi moja mwaka uliofuata, mtumbwi mgeni ulitokea upande wa kusini. Ndani walikuwa wanaume wanne na mitaimbo. Walikuwa wachoma chokaa wa mbali, na walikuwa wanakuja moja kwa moja kwenye mawe. Miaka yote ile ya siri, Osward angekuwa hapo peke yake, mtu mmoja mbele ya wanne.

Alisimama kwenye mtumbwi wake, akafungua mdomo kupiga kelele. Akakuta wenzake sita wamemtangulia, kila mmoja anapiga kelele mtumbwini mwake.