Kadi ya Kahigi

Kadi ilikuwa ya moto. Lameki aliishika mlangoni kwa Siti, huko Kamachumu, akashangaa, maana mama huyo alikuwa amemwambia haijawashwa kwa miaka miwili. Siti alisema ni jua tu, ingawa mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi. Alikuwa akiuza vitu vya mumewe, Kahigi, aliyetoweka. Lameki hakuuliza zaidi. Kwa fundi redio wa Bilele anayejiundia kompyuta ya gemu kwa vipuri vilivyotumika, kadi ya picha ya bei ile haipatikani mara mbili.

Aliipachika siku hiyohiyo. Feni zake zilianza kuzunguka kabla hajachomeka waya wa umeme. Mkewe, Adventina, alimletea ndizi, akasema chumba kinanuka nywele zilizoungua. Lameki hakusikia harufu yoyote.

Jumamosi mchana Lameki aliiwasha kompyuta kwa mara ya kwanza. Adventina alikuwa uani akifua, akamsikia mumewe akimwita polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine. Akaingia. Kiti kilikuwa kitupu, ndala zikiwa chini ya meza.

"Nipo huku," Lameki alisema.

Akageukia skrini, na mle ndani akaona chumba chao hichohicho, meza ileile, pazia lilelile, ila palipokuwa na mlango palikuwa na ukuta, na Lameki akiupapasa kwa viganja vyote viwili, na nyuma yake, pembeni, kitu kirefu kilichojikunja ili kisigonge dari kilikuwa kikipumua, na kila kilipovuta pumzi feni ziliongeza kasi, na ile harufu ya nywele ikamjaa Adventina puani.

Akachukua simu ya mumewe mezani, akampigia Siti. Simu ikapokelewa na mwanamume, sauti imemkauka.

"Mimi ni Kahigi. Nimerudi leo mchana."

Akamweleza aliyoambiwa Siti na mganga: jini yule hukaa na mtu mmoja tu, na humwachia pale mwingine anapoinunua kadi kwa hiari yake na kuiwasha. Nyuma yake Siti alisikika akilia, akiomba asamehewe.

"Basi na mimi nitaiuza," Adventina alisema.

"Ili uiuze, lazima uichomoe. Ukiichomoa, mle mnakuwa na giza. Nimekaa naye gizani miaka miwili, dada. Yule halali usingizi."

Adventina akamsimulia mumewe kwa kunong'ona. Lameki alisikiliza hadi mwisho, akatazama nyuma yake, kisha akatikisa kichwa. Alimwomba asizime.

Siku ya nne kompyuta ilikuwa bado inawaka, na Adventina hajatoka chumbani ila kwenda msalani. Asubuhi hiyo gari la matangazo lilipita mtaani, likiwajulisha wakazi wa Bilele kwamba kesho, kuanzia saa tatu, umeme utakatwa kutwa nzima.

"Wanasema nini?" Lameki akauliza.

Adventina alifunga dirisha.

"Bei ya kahawa," akamwambia.