Kurasa Saba za Mwalimu Yoeli

Kurasa saba zilikuwa zimekatwa kwa wembe, tena kwa mkono uliotulia.

Inspekta Loishiye aliinama juu ya jalada kubwa la gazeti la Mwanga wa Mlimani. Yalikuwa matoleo ya mwaka mzima wa 1952, hamsini na mawili, yameshonwa pamoja. Alipitisha kidole kwenye mikato. Hakuna karatasi iliyochanika.

"Uligundua lini?" aliuliza.

"Leo asubuhi, Bwana Inspekta," alijibu Tabitha, karani wa maktaba ile ndogo iliyokuwa karibu na mto Themi. Alikuwa binti wa mchungaji, mwembamba, na ulimi wake haukuwa na breki. "Jalada hili nililipangusa vumbi Jumatatu. Lilikuwa zima kama yai."

"Tangu Jumatatu waliingia wangapi?"

"Daftari la wageni hilo hapo. Polisi wenzako wamekwisha kulisoma, ndiyo maana wamemchukua Mzee Sumari."

Loishiye alijua. Mzee Sumari alikuwa Mmeru wa miaka sitini, aliyekuja maktabani kila siku kuwasomea kwa sauti wasiojua kusoma. Alipenda ukurasa wa tatu, maana kila wiki ukurasa huo ulibeba habari za ardhi. Na kurasa zilizokatwa zote zilikuwa za tatu.

Mrakibu wa polisi, Mwingereza mwenye uso mwekundu, alikuwa amekata shauri.

"Anakusanya maneno ya uchochezi," alimwambia Loishiye saa nne asubuhi ile. "Jumamosi nitaomba ahamishwe kutoka wilaya hii. Akaishi pwani, asahau migomba yake."

"Leo Alhamisi, Bwana. Naomba siku hizo mbili."

"Za nini? Kila ukurasa una ardhi!"

"Na arobaini na tano zilizobaki zina ardhi pia, Bwana. Mtu mwenye njaa ya ardhi angeziachaje?"

Mrakibu alitazama saa yake. "Hadi Jumamosi saa tatu," alisema.

Wakati wa vita Loishiye alikuwa karani wa jeshi. Afisa wake alimfundisha kazi moja ya ajabu: kusoma magazeti ya adui bila kubishana nayo. Unagawa maneno yake katika mafungu, unahesabu kila fungu, kisha unauliza kwa nini hili limezidi na lile limepungua. Na kila mara, mtu wa pili alihesabu peke yake bila kuona hesabu ya kwanza, ili macho ya mtu mmoja yasimdanganye.

Alikwenda Olmotonyi kwa baiskeli. Karani wa chuo cha misitu alikuwa ametunza gazeti lile lile, akiwa ameyafunga matoleo yake kwa kamba ya katani. Loishiye aliyabeba yote hadi maktabani, akamwita Tabitha.

"Karatasi ina pande mbili," alisema. "Aliyekata ukurasa wa tatu alichukua na wa nne. Sote tumetazama uso, hakuna aliyetazama mgongo."

Walikaa meza mbili tofauti. Mafungu yalikuwa matano: matangazo ya biashara, vifo, habari za kanisa, barua za wasomaji, mashairi. Walihesabu kurasa za nne zote, zilizokatwa na zisizokatwa. Alasiri walilinganisha.

Matangazo yalikuwa kila mahali. Vifo, kadhalika. Mashairi ya watu mbalimbali yalitapakaa mwaka mzima. Lakini mashairi ya Mwalimu Yoeli wa shule ya Sekei yalikuwa saba tu, na yote saba yalikuwa kwenye kurasa zilizokatwa.

"Nimekwisha kumjua mwizi," alisema Tabitha. "Ni mwanamke anayempenda Mwalimu. Mashairi yale yalimfanya awe mwenyekiti wa watunzi. Hata kanisani anaimba kwa kutupa kichwa."

"Huenda. Sasa tuyahesabu mashairi yenyewe. Kila kitu kilichotajwa ndani yake, weka kwenye fungu lake."

Walihesabu tena. Kahawa: sifuri. Migomba: sifuri. Shule: mara moja. Kukamua ng'ombe: mara tisa. Shanga: mara sita. Hesabu zao zililingana kote, isipokuwa mahali pamoja. Loishiye alikuwa na vibuyu kumi na moja chini ya kazi za nyumbani. Tabitha alikuwa na vibuyu kumi na moja chini ya uganga.

"Uganga?" Inspekta alishangaa.

"Wewe sikiliza," alisema Tabitha, akasoma:

"Nakizungusha kijiti, moshi ujae kibuyu,
Maziwa yangu sisiti, kumpa mgeni huyu.

"Mtu anatia kijiti cha moto kwenye kibuyu, anakijaza moshi. Kama si uganga ni nini? Kwetu misheni maziwa yalikaa kwenye birika la bati."

Loishiye alicheka hadi akavua kofia. "Dada yangu, hivyo ndivyo kibuyu kinavyosafishwa! Kijiti cha oloirien, mzeituni wa porini, kinatiwa kikiwa na kaa la moto. Maziwa yanakaa siku nyingi na kunukia vizuri. Mama yangu alifanya hivyo kila asubuhi, kule kwetu kwa wafugaji, magharibi ya mlima." Kisha kicheko kilikatika. "Mama yangu. Si baba. Mwanamume wa kwetu hakigusi kijiti kile. Hakamui, hatungi shanga."

Tabitha aliweka karatasi mezani polepole. "Na Mwalimu Yoeli ni mzaliwa wa Akheri, wa kahawa na migomba."

"Lete daftari la wageni."

Jumanne alasiri, maktaba ikikaribia kufungwa, aliingia mwanamke aitwaye Nashipae wa Ngaramtoni, magharibi ya mlima. Jina aliliandika kwa herufi kubwa zilizoinama.

"Yule muuza maziwa," alikumbuka Tabitha. "Aliuliza magazeti ya mwaka jana. Nilimwambia arudi Alhamisi, ndiyo leo. Mwalimu Yoeli alikuwa meza ile pale, akasikia."

Na Jumatano, mstari wa kwanza kabisa, palikuwa na saini ya Mwalimu Yoeli.

Ijumaa asubuhi Loishiye alimkuta mwalimu darasani Sekei, wanafunzi wakiwa uwanjani. Alikuwa mtu mzima mwenye tai iliyofungwa vizuri.

"Mashairi yako yameibiwa, Mwalimu."

"Nimesikia. Wivu huo, Bwana Inspekta! Watunzi wana husuda."

"Umewahi kukamua ng'ombe?"

"Mimi? Nina ndoo na mtumishi."

"Lakini umeimba kukamua mara tisa."

"Mtunzi huona kwa moyo."

"Vizuri. Kijiti kile cha kutia moshi kibuyuni, ni cha mti gani?"

Yoeli aligusa tai yake. "Mringaringa."

"Na moshi ule ni wa kazi gani?"

"Ni... kufukuza nzi."

Loishiye alivuta kiti cha mwanafunzi akakaa, magoti yakafika kifuani. Nje watoto walikuwa wanahesabu mazoezi kwa sauti: moja, mbili, tatu.

"Mzee Sumari yuko rumande," alisema. "Kesho anaondolewa kwenye shamba la baba yake kwa ajili ya wembe wako."

Yoeli alifungua dawati. Alitoa bahasha ya kaki, akaiweka mbele ya Inspekta. Kurasa saba zilikuwa ndani, zimenyooshwa bila kunjo.

"Sikuweza kuzichoma," alisema. "Jina langu limo."

"Nani aliyatunga?"

"Nashipae. Nilifundisha watu wazima Ngaramtoni, baada ya soko. Alikuwa hajui hata herufi moja. Nilimwambia aseme neno lolote, niliandike, alifuatishe. Akasema mashairi. Miaka kumi na minne nilituma yangu, Bwana. Yote yalirudi. Yake nilituma moja tu, kwa jina langu, kujaribu. Lilichapishwa wiki ile ile."

"Ulidhani hatajua?"

"Hakujua kusoma!" Mwalimu aliinamisha kichwa. "Na mimi ndiye niliyemfundisha. Juma baada ya juma, kwa subira yote. Alikuwa mwanafunzi wangu bora."

Saa tisa Mzee Sumari alirudi maktabani, shati likiwa na mikunjo ya rumande.

"Shikamoo, Mzee," alisema Tabitha.

"Marahaba. Ukurasa wangu wa tatu uko wapi?"

"Leo tunaanza na wa nne."

Mezani alikaa Nashipae, vibuyu vyake vitupu miguuni. Loishiye alimtandazia zile kurasa saba. Nashipae alisoma taratibu kwa sauti, kidole kikifuata mstari, midomo ikicheza. Mzee Sumari, aliyezoea kuwasomea wengine, alikunja mikono akasikiliza. Mwanamke alifika mwisho wa shairi la kwanza. Kidole kilisimama juu ya jina.

"Hapa wamekosea," alisema. "Naomba kalamu."

Tabitha, aliyekuwa akiwafukuza watu kwa sababu ya tone moja la wino, alimtazama Inspekta. Kurasa zile zilikuwa vielelezo vya kesi, hazikupaswa kuguswa.

Inspekta Loishiye aligeuka dirishani, akautazama mlima kwa makini sana.

Nyuma yake alisikia kizibo cha chupa ya wino kikifunguliwa.